Robert Smalls: Mtumwa aliyeondoka na meli, akawa mtunga sheria wa wakulima

KATIKA orodha ya watunga sheria wa majimbo ya Marekani wa karne ya 19, wapo wachache walioifahamu bei ya binadamu kwa uzoefu wao wenyewe. Robert Smalls wa jimbo la South Carolina alikuwa mmoja wao. Alizaliwa mtumwa, akakodishwa mjini kama mtu anavyokodisha plau, akaelewana bei ya kumnunua mkewe na mtoto wake, na kabla hajatimiza miaka 30 alikuwa ameketi katika mkutano ulioandika katiba mpya ya jimbo lake.

Wengi wanaomjua wanamjua kwa usiku mmoja tu wa Mei 1862, alipoondoka na meli ya mabwana wa watumwa mbele ya mizinga yao. Makala haya yanaugusa usiku huo, lakini yanakaa zaidi kwenye miaka iliyofuata, kwa sababu ndiyo inayomhusu moja kwa moja mkulima na mfanyabiashara mdogo. Ni miaka ya kugombea ardhi, shule, ujira wa fedha taslimu na kura.

Akodishwa Charleston

Smalls alizaliwa Aprili 5, 1839, katika mji mdogo wa Beaufort, kwenye pwani ya South Carolina. Mama yake, Lydia, alikuwa mtumwa wa ndani katika nyumba ya familia ya McKee, na mtoto alizaliwa katika kibanda cha uani, nyuma ya nyumba hiyo.

Visiwa vinavyouzunguka mji wa Beaufort vilisifika kwa pamba ya nyuzi ndefu, iliyopendwa na viwanda vya Ulaya na kuuzwa kwa bei ya juu kuliko pamba ya kawaida. Mabondeni, kando ya mito, ulilimwa mpunga. Mazao yote mawili yalitegemea jasho la watumwa, ambao katika sehemu nyingi za pwani walikuwa wengi kuliko Wazungu.

Alipofika umri wa miaka 12, bwana wake alimpeleka Charleston, bandari kubwa ya jimbo, akafanye kazi za kukodishwa. Utaratibu ulikuwa rahisi. Mwajiri alilipa ujira, ujira ukaenda kwa bwana, na mtumwa akaachiwa kitu kidogo. Kwa Smalls, kitu hicho kilikuwa dola moja kwa wiki. Alianza na kazi ya hotelini na ya kuwasha taa za barabarani, kisha akaenda bandarini. Huko alikuwa kuli, akajifunza ufundi wa kamba na matanga, na hatimaye akashika usukani wa vyombo vya pwani.

Mwaka 1856 alimwoa Hannah Jones, mtumishi wa hoteli ambaye naye alikuwa mtumwa. Mtoto wao wa kwanza alipozaliwa, Smalls alitambua kwamba kisheria mtoto huyo ni mali ya bwana wa mama yake, na angeweza kuuzwa wakati wowote. Akaenda kuzungumza bei. Walikubaliana dola 800 kwa mama na mtoto. Yeye alikuwa na akiba ya dola 100.

Msomaji anayeweka akiba kidogo kidogo afanye hesabu. Dola 700 zilizobaki, kwa kiwango kile cha dola moja kwa wiki, ni wiki 700, yaani zaidi ya miaka 13 bila kutumia hata senti moja. Na katika muda wote huo hakukuwa na kitu cha kumzuia mwenye mali kubadili bei au kumuuza mtoto kwa mtu mwingine.

Usiku wa Mei 13

Vita kati ya majimbo ya Kaskazini na yale ya Kusini vilianza mwaka 1861. Jeshi la Kusini lilikuwa linaitumia Planter, meli ya mvuke iliyojengwa kwa ajili ya kubeba pamba, kusafirisha silaha na askari katika bandari ya Charleston. Smalls alikuwa ndiye mshika usukani. Kazi yake ilikuwa ya rubani, ila cheo hicho hakikupewa mtu mweusi.

Usiku wa kuamkia Mei 13, 1862, maofisa watatu wa Kizungu walishuka kwenda kulala mjini, kinyume cha amri za jeshi lao. Smalls na mabaharia wenzake, watumwa kama yeye, walichochea moto, wakang'oa nanga na kupita gati nyingine kuwachukua wake na watoto wao. Alivaa kofia pana ya nahodha, akasimama kama nahodha alivyozoea kusimama, na kila ngome waliyoipita aliipigia honi kwa ishara sahihi. Ilipokaribia alfajiri waliipita ngome ya Sumter, iliyokuwa ya hatari kuliko zote. Walipokuwa nje ya masafa ya mizinga walishusha bendera ya Kusini, wakapandisha shuka jeupe na kujisalimisha kwa meli za Kaskazini zilizokuwa zimeizingira bandari.

Ndani ya Planter mlikuwa na mizinga minne iliyokuwa ikisafirishwa, mbali na ile ya meli yenyewe, pamoja na kitabu cha ishara za siri za jeshi la Kusini. Bunge la Marekani lilitoa tuzo kwa mabaharia, na fungu la Smalls lilikuwa dola 1,500. Thamani ya meli ilikadiriwa chini mno, na madai ya fungu la haki yaliendelea hadi mwaka 1900. Hata hivyo, kwa mtu aliyekuwa akibakiwa na dola moja kwa wiki, ule ulikuwa mtaji.

Agosti mwaka huohuo alifika Washington kuishawishi serikali iwaandikishe watu weusi jeshini, na Waziri wa Vita, Edwin Stanton, akatoa kibali cha kuwapa silaha hadi watu 5,000 katika eneo la Beaufort. Smalls alirudi baharini kama rubani, na mwishoni mwa mwaka 1863 akakabidhiwa unahodha wa Planter ileile.

Mwaka 1864 meli ilipelekwa Philadelphia kufanyiwa matengenezo. Akiwa huko alitafuta walimu na kuanza kujifunza kusoma na kuandika akiwa na miaka 25. Sheria ya South Carolina ya mwaka 1834 ilikuwa imekataza mtumwa kufundishwa herufi.

Hati ya nyumba

Meli za Kaskazini zilikuwa zimeteka eneo la Beaufort tangu Novemba 1861. Wenye mashamba walikimbia, wakaacha nyuma pamba na watumwa wapatao 10,000. Juni 1862 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kukusanya kodi ya ardhi katika maeneo yaliyoasi. Ardhi au nyumba ambayo kodi yake haikulipwa ilichukuliwa na kupigwa mnada.

Mashamba mengi yaliyopigwa mnada yalichukuliwa na serikali yenyewe au na matajiri kutoka Kaskazini. Lakini baadhi ya watu walioachwa huru walichanga fedha zao, wakanunua kwa pamoja na kugawana eka. Smalls naye alinunua nyumba katika mtaa wa Prince, mjini Beaufort. Ilikuwa nyumba ileile ambayo mama yake alikuwa mtumwa ndani yake.

Baada ya vita, upande wa wamiliki wa zamani ulifungua kesi ukidai kwamba mnada ule haukuwa halali. Shauri lilifika Mahakama Kuu ya Marekani, ambayo mwaka 1878 ilimpa Smalls ushindi na kuthibitisha hati zilizotokana na minada ya kodi. Kesi hiyo ilikuwa ya nyumba moja, lakini uamuzi wake uliwagusa wote walioshika hati za aina hiyo.

Umuhimu wa jambo hili unaonekana zaidi ukilinganisha na yaliyowapata majirani zao. Januari 1865 Jenerali William Sherman alitoa amri ya kuwagawia watu walioachwa huru ardhi ya pwani, hadi eka 40 kwa familia. Maelfu waliingia mashambani na kulima. Kabla mwaka haujaisha, Rais Andrew Johnson alikuwa ameanza kuwarudishia wenye mashamba wa zamani ardhi hiyo, na wakulima wengi wakaondolewa. Walikuwa na amri ya jenerali, lakini hawakuwa na hati ya kununua. Walionunua kwenye mnada walibaki, na miongo mingi baadaye visiwa vya Beaufort, hasa St. Helena, viliendelea kujulikana kwa wingi wa wakulima weusi wenye mashamba yao wenyewe.

Familia ya Smalls ilisimulia pia kwamba mke wa bwana wake wa zamani alifika mlangoni uzeeni, akili zikiwa zimechoka, akidhani bado ni kwake. Smalls alimkaribisha na kumpa chumba.

Duka na mkutano wa katiba

Mwaka 1866 Smalls alifungua duka Beaufort kwa ubia na Richard Gleaves, mfanyabiashara kutoka Philadelphia, kuwauzia watu walioachwa huru mahitaji yao. Baadaye alikuwa miongoni mwa wawekezaji weusi walioanzisha kampuni ya reli ya mabehewa ya kukokotwa na farasi mjini Charleston, ya kuchukua mizigo kati ya magati na stesheni za reli. Alishiriki pia kuendesha gazeti la Beaufort.

Lakini duka peke yake haliwezi kuleta shule wala kurekebisha mahakama. Mwaka 1867 sheria za Marekani ziliwapa wanaume weusi wa Kusini haki ya kupiga kura, na Januari 1868 Smalls alikwenda Charleston kama mjumbe wa mkutano wa katiba ya jimbo. Wengi wa wajumbe walikuwa watu weusi, na baadhi yao miaka mitatu kabla hawakuwa na haki hata ya kumiliki kuku.

Humo ndimo Smalls alipotoa hoja aliyoihesabu kuwa kazi kubwa ya maisha yake: kwamba jimbo liwe na shule za umma, bure, kwa watoto wote, na mahudhurio yawe ya lazima. Mwanafunzi wa ukubwani aliyeanza herufi juzi tu ndiye alikuwa akidai shule kwa jimbo zima. Katiba mpya iliweka msingi wa elimu ya umma. Utekelezaji ulikuwa wa polepole, kwa kuwa fedha zilikuwa chache na wapinzani wengi, lakini kufikia mwaka 1876 shule za jimbo zilikuwa na wanafunzi zaidi ya 100,000, weusi kwa weupe.

Kwa mkulima, shule si anasa. Asiyejua kusoma mizani hawezi kubishana na mnunuzi, na asiyejua kusoma mkataba wa kilimo cha nusu kwa nusu hutia alama ya msalaba chini ya deni asilolijua. Huo ndio ulikuwa mtego mkubwa wa wakulima wa pamba wa Kusini baada ya vita.

Bungeni na suala la ardhi

Mwaka huohuo wa 1868 Smalls alichaguliwa kuingia Baraza la Wawakilishi la South Carolina. Mwaka 1870 alihamia Seneti ya jimbo, kuchukua kiti cha Jonathan Wright aliyeteuliwa kuwa jaji wa mahakama ya juu ya jimbo. Alikaa Seneti hadi mwaka 1874, akiwakilisha wapiga kura wa Beaufort, wengi wao wakulima wa eka chache.

Mwaka 1869 Bunge hilo lilianzisha kamisheni ya ardhi, jambo ambalo jimbo jingine la Kusini halikulifanya. Kamisheni ilinunua mashamba makubwa kwa fedha za jimbo, ikayakata vipande na kuwauzia wakulima kwa malipo ya miaka kadhaa.

Mwanzo wake haukuwa mzuri. Baadhi ya wahusika walinunua ardhi ya mchanga na kinamasi kwa bei ya kuruka na tofauti ikaingia mifukoni. Baada ya usimamizi kurekebishwa mpango ulitengemaa, na inakadiriwa kwamba kufikia mwaka 1890 familia zipatazo 14,000 zilikuwa zimepitia mpango huo. Wapo walioshindwa malipo na kunyang'anywa, na wapo waliomaliza deni na kuwarithisha watoto. Mpango wa ardhi unaweza kuwa na nia njema na bado ukala fedha za umma, na unaweza pia kuokolewa ukisimamiwa.

Kesi ya rushwa

Jina la Smalls nalo halikubaki bila doa. Akiwa Seneti aliongoza kamati iliyosimamia kazi za uchapishaji za serikali, eneo lililojulikana kwa ubadhirifu katika miaka hiyo. Mwaka 1877, chama cha Democratic kilipokwisha kutwaa serikali ya jimbo, Smalls alishtakiwa kwamba alipokea rushwa ya dola 5,000 ili kampuni ya uchapishaji ipewe kazi. Shahidi mkuu alikuwa mtu aliyehusika mwenyewe katika ubadhirifu huo. Smalls alihukumiwa miaka mitatu jela, akakaa siku tatu tu kabla ya dhamana, na akakata rufaa.

Mwaka 1879 gavana alimpa msamaha, katika maelewano ambayo kwa upande wa pili serikali ya Marekani iliacha kesi za wizi wa kura dhidi ya wafuasi wa Democratic. Wanahistoria wengi wanaiona kesi ile kuwa ya kisiasa. Pamoja na hayo, kwa kuwa haikumalizwa mahakamani, wapinzani wake waliitumia dhidi yake maisha yake yote.

Mgomo wa wavuna mpunga

Mwaka 1874 Smalls alichaguliwa kuingia Bunge la Marekani, ambako alitumikia kwa vipindi hadi mwaka 1887. Lakini tukio linaloonyesha vizuri uhusiano wake na watu wa mashambani lilitokea nyumbani, Agosti 1876, kando ya mto Combahee.

Wafanyakazi wa mashamba ya mpunga walikuwa wamegoma wakati wa mavuno. Sababu haikuwa kiwango cha ujira peke yake. Baada ya kumaliza ngwe zao hawakulipwa fedha, walilipwa vikaratasi vilivyopokelewa katika maduka ya wenye mashamba tu. Mkulima yeyote aliyewahi kupima mazao yake akarudi nyumbani na stakabadhi badala ya fedha anaelewa hasira yao. Mwenye kikaratasi hana uhuru wa kuchagua duka, wala hawezi kulipa kodi au kuweka akiba, na bei inapangwa na yuleyule aliyemlipa. Hata mwenye duka dogo wa mjini huathirika, kwa kuwa wateja wake wamefungwa katika duka la bosi.

Mpunga ulikuwa umeiva na usingesubiri. Wagomaji walipita shamba hadi shamba, na waliokataa kuacha kazi wengine walipigwa. Wenye mashamba nao walikusanya watu wenye bunduki. Gavana alimwomba Smalls aende kutuliza.

Smalls alikuta umati wa wagomaji umewazingira Wazungu wenye silaha. Aliongea na watu wake, akawashawishi viongozi waliotakiwa na sheria waende Beaufort wenyewe wakajibu tuhuma, bila kuburutwa na watu wenye bunduki. Walikwenda, na huko wakaachiwa. Umati ulitawanyika bila kumwaga damu, na wenye mashamba wakalazimika kukubali sehemu kubwa ya madai yao.

Hali hiyo iliwezekana kwa sababu katika Beaufort ya mwaka 1876 mbunge, maofisa na mahakimu walitokana na kura za wakulima hao. Sehemu nyingine za jimbo, mwaka huohuo, makundi yenye silaha yaliyovaa mashati mekundu yalikuwa yakiwatisha na kuwaua wapiga kura weusi, na uchaguzi wa mwishoni mwa mwaka ulirudisha jimbo mikononi mwa mabwana wa zamani.

Katiba yabomolewa

Mwaka 1889 Smalls aliteuliwa kuwa mkusanya ushuru wa forodha wa bandari ya Beaufort, kazi aliyoifanya, kwa vipindi, hadi mwaka 1913. Agosti 1893 kimbunga kikubwa kilivipiga visiwa, kikaua watu wengi na kuharibu pamba na vyakula shambani. Chama cha Msalaba Mwekundu, chini ya Clara Barton, kilihudumia watu wapatao 30,000 kwa miezi kadhaa.

Miaka miwili baadaye kilikuja kimbunga cha sheria. Mwaka 1895 jimbo liliitisha mkutano wa kuandika katiba mpya, chini ya ushawishi wa Benjamin Tillman, aliyejijengea jina kama mtetezi wa wakulima Wazungu. Lengo lilikuwa kuwanyang'anya watu weusi kura bila kuwataja. Mpiga kura angetakiwa kusoma na kuandika kifungu cha katiba, au kuwa na mali ya dola 300 iliyolipiwa kodi, na mwamuzi wa usomaji wake angekuwa ofisa Mzungu.

Kati ya wajumbe 160, weusi walikuwa sita tu, na watano walitoka Beaufort. Smalls alikuwa mmoja wao, mtu wa miaka 56. Alisimama akatetea shule na kura, akijua hesabu haimruhusu kushinda. Katiba ilipokamilika alikataa kuitia saini. Alipoelezwa kwamba asiyesaini hatalipwa posho na nauli, alijibu kwamba yuko tayari kurudi Beaufort kwa miguu.

Kura ikaenda. Baada yake shule za watoto weusi zikaanza kupewa mafungu madogo kuliko za Wazungu, kwa kuwa wazazi wao hawakuwa tena na mtu wa kumwondoa madarakani. Kwa hiyo mtunga sheria huyu aliishi kuona kazi yake ya ujana ikibomolewa na sheria nyingine.

Kilichobaki

Robert Smalls alifariki dunia Februari 23, 1915, mjini Beaufort, katika nyumba ya mtaa wa Prince, akiwa na umri wa miaka 75. Mwaka 2023 Jeshi la Majini la Marekani liliipa jina lake meli mojawapo ya kivita.

Mtu akipiga hesabu ya kazi yake, atakuta baadhi ya mali iliporwa na nyingine ikasalimika. Haki ya kura, iliyotegemea wingi wa watu bungeni, ilifutwa wingi huo ulipovunjwa, ikachukua miaka 70 kurudi, hadi sheria ya haki za kupiga kura ya mwaka 1965. Shule za umma zilipunjwa, lakini hakuna aliyethubutu kuzifunga zote, maana watoto wa Wazungu maskini nao walikuwa wamekwisha kuzizoea. Ardhi iliyonunuliwa kwa hati, eka 10 hapa na eka 20 pale, ndiyo iliyosalimika kuliko yote, na ndiyo iliyowafanya wakulima wa St. Helena waweze kula na kusomesha katika miaka ambayo Bunge la jimbo lao halikuwa na mtu wa kuwasemea.

Nyumba ya mtaa wa Prince imehifadhiwa kama jengo la kihistoria la taifa. Bwana wake wa zamani alikuwa na kila kitu isipokuwa risiti ya kodi ya mwaka 1863.